Gari Lililokuwa Likisimama Nguzoni

Usiku wa kuamkia leo niliota kisanduku cha zamani cha gari letu kimetoka chini ya kitanda, kimejikokota mpaka sebuleni, kimekaa kwenye kigoda cha marehemu mke wangu, na kinasubiri chai.

Sikushangaa. Nilichowaza ni kwamba sukari imekwisha.

"Shikamoo, Baba Atu," kikasema.

"Marahaba. Utakunywa bila sukari."

"Nitakunywa hivyohivyo. Ila univumilie, mimi ni mzito."

Kizito kilikuwa kweli. Nilikimiminia kikombe, kikanywa funda moja, mafunda yaliyofuata kikayamwaga sakafuni, halafu kikanywa tena moja na kumwaga mengine. Nikakiuliza kwa nini kinanichafulia sakafu.

"Ndivyo nilivyo," kikasema. "Siwezi kuyapokea yote. Moja napokea, mengine natupa. Hata barabarani nilikuwa hivyo."

Nieleze mambo kidogo kabla sijaendelea, maana ndoto haina adabu ya kujitambulisha.

Gari letu ni dogo, la kijivu, la mtumba kutoka Japani. Nyuma ya kioo cha mbele lina kamera, na chini ya dashibodi lilikuwa na kompyuta, kisanduku chenye ukubwa wa mkate mdogo. Kamera inatazama barabara, kisanduku kinaamua. Kikiona hatari na dereva kazubaa, kinapiga kelele. Dereva akiendelea kuzubaa, kinashika breki chenyewe.

Mke wangu Tusekile alifariki mwanzoni mwa mvua, kwa maradhi, hospitalini, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji ambao hakuunywa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kila Jumamosi baada ya mazoezi alinisubiri njiapanda ya Kalwesi, kando ya nguzo ya kibao cha barabara. Kibao chenyewe wauza skrepa walishakichukua zamani, ikabaki nguzo peke yake, fupi na nene. "Kama mimi," alikuwa akisema. Ni yeye aliyesema, mimi nilinyamaza.

Baada ya maziko, siku ya kwanza niliyopita pale, ukungu ulikuwa mzito kama unavyokuwa huku Tukuyu. Gari likapiga kelele na kujishikia breki mbele ya nguzo. Hapakuwa na mtu. Siku ya pili likafanya vilevile, na ya tatu. Likawa halipiti Kalwesi bila kusimama. Mimi nikaacha kuuliza sababu, nikawa natafuta safari. Chumvi ikiisha nyumbani nilikwenda kuinunua ng'ambo ya njiapanda, na duka liko mlangoni petu.

Lakini gari hilo ndilo analokwenda nalo kazini binti yetu Atuganile, ambaye ni muuguzi Mbeya. Anaondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani kama mwenye nyumba. Asubuhi moja bodaboda iliyobeba godoro ilikata mbele yake. Kisanduku hakikusema kitu. Atuganile alikanyaga breki mwenyewe, na bampa likagusa godoro. Jioni alirudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake, hakula. Wiki iliyofuata alilipeleka gari kwa fundi Ambakisye, akawekewa kompyuta mpya, yenye nguvu kuliko ile.

"Mzee, macho ni yaleyale," Ambakisye alinieleza akinikabidhi kisanduku cha zamani. "Kilichobadilika ni kichwa. Hiki cha zamani kilikuwa kizito. Kinatazama picha moja, nyingine zinakipita. Ndiyo maana kilikuwa kinaogopa nguzo na hakioni watu."

Tangu siku hiyo gari likawa linapita Kalwesi bila hata kupunguza mwendo. Linapita tu, kama vile pale pana nguzo.

Nilivumilia kwa muda, nikashindwa. Nikampigia Ambakisye kwa siri, nikamwambia aje alirudishe boksi la zamani, na Atuganile asijue. Ambakisye akasema gari ni langu, atakuja asubuhi. Asubuhi hiyo ni ya leo. Na ndoto ikanikuta katikati.

"Kesho narudishwa garini," kisanduku kikasema, kikiwa bado kinamwaga chai. "Nimekuja kukuomba unijaribu kwanza."

"Nikujaribu nini? Miaka yote nimekutumia."

"Ulikuwa unaendesha wewe. Mimi nilikuwa nasinzia."

Naweka birika mezani, na meza ni dashibodi. Kochi limekuwa kiti cha dereva, pazia limekuwa kioo cha mbele. Kisanduku cha zamani kiko mapajani mwangu kama mtoto aliyekataa kukaa nyuma. Nawasha gari. Linawaka, lakini haliondoki.

"Haliwezi kuondoka," kinasema. "Mistari haipo."

Nikatazama nje. Mistari miwili ya barabara ilikuwa imekaa ukingoni, mirefu, myembamba, myeupe, imekunja magoti na inakula mahindi ya kuchoma. Nikashusha kioo.

"Mbona hamjalala barabarani?"

"Tumelala tangu lami iwekwe," ukasema wa kulia. "Malori yametukanyaga mpaka tumefutika. Leo tumeamka."

"Gari linasema bila ninyi haliioni njia."

"Na wewe?"

"Mimi naiona. Nimezaliwa pembeni yake."

"Basi shida iko wapi?" ukauliza, ukang'ata hindi.

Mstari wa kushoto, ambao ulionekana mpole zaidi, ukajifuta mdomo. "Pole na msiba, Baba Atu. Mama alikuwa anatupisha akivuka. Anainua mguu, anasema samahani. Wengine wanatukanyaga tu."

Nikashukuru. Mistari ikatazamana, ikatupa magunzi, ikarudi kujilaza barabarani kwa kuguna, mmoja huku na mwingine huku. "Mpaka Kalwesi tu," wa kulia ukasema. Gari likaondoka.

Hapo ndipo kilipoanza kusema kile kipya. Kilikuwa chini ya dashibodi, hakionekani, sauti yake nyembamba na ya haraka. Hakikusalimu.

"Mbuzi," kikasema. "Mbuzi. Mgomba. Mgomba. Mama na ndoo. Mgomba. Mtoto nyuma ya mgomba, atatoka."

Mtoto akatoka, akivingirisha tairi. Gari lilikuwa limeshapunguza mwendo zamani. Akavuka, akatupungia mkono, akaingia kwenye migomba ya upande wa pili.

"Mtoto yupi?" kikauliza kisanduku cha zamani mapajani mwangu. Tulikwenda, tukakata kona, tukapita kanisa. "Aa," kikasema. "Yule."

Nikaona nianze mimi kuonyesha ustaarabu. "Hujambo," nikakiambia kile kipya.

"Mwanamume," kikajibu. "Ameketi. Macho yake hayapo barabarani."

"Nimekusalimia."

"Mikono kwenye usukani."

Vijana wa siku hizi. Nikaweka mikono kwenye usukani.

Barabara ikapinda nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo barabara haijawahi kufika, na kuishia kwenye shimo letu la taka. Halikuwa na maganda ya ndizi siku hiyo. Lilikuwa limejaa picha, nyingi mpaka zimemwagika kwenye majani, zimelowa umande.

"Hizi ni zangu," kisanduku cha zamani kikasema, na kwa mara ya kwanza kikaona haya. "Zile nilizokuwa natupa."

Nikaingia shimoni mpaka magotini. Sitaki kusema uongo: sikuingia kutafuta ukweli wa mambo ya magari. Niliingia kumtafuta Tusekile, na nikampata. Tusekile na mwavuli. Tusekile anainua mguu kuvuka mstari. Tusekile amesimama kando ya nguzo, kapu la vitabu vya nyimbo mkononi, anatazama upande ninaotoka, na uso wake unajua kwamba nimechelewa tena. Jumamosi zake zote zilikuwa mle shimoni.

"Hizi zote ulizitupa?" nikauliza.

"Nilizitupa."

"Lakini ulikuwa unamwona. Gari lilikuwa linasimama kwa ajili yake."

"Hapana, Baba Atu. Alipokuwa hai ulikuwa unasimama wewe. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilianza kusimama ulipoacha kusimama, na nilichokiona ni nguzo. Naogopa nguzo. Kwenye ukungu nguzo zote ni watu kwangu."

Niliumia. Nilikuwa nimeamini kwamba duniani kuna kitu kimoja, hata kama ni cha bati na nyaya, kinachomkumbuka mke wangu bila kukumbushwa. Kumbe kilikuwa kinaogopa tu.

Nikaendelea kuchambua zile picha, kwa hasira sasa. Nikatoa moja yenye ukungu mtupu, na katikati ya ukungu bodaboda imebeba godoro. Nikageuza nyingine ya palepale, nikamwona binti yangu kwa ndani, akionekana kwenye kioo kama mtu aliye chini ya maji. Macho yamemtoka, mdomo uko wazi. Sijawahi kumwona Atuganile na uso ule, na mimi ndiye niliyemlea.

"Na hizi?"

Kisanduku kilikaa kimya muda mrefu. Kwake yeye ulikuwa muda wa kawaida.

"Hizo pia nilizitupa," kikasema. "Nilikuwa bado naitazama nguzo."

Nikaiweka picha ya Tusekile kwenye mfuko wa shati, na ya Atuganile juu yake. Nilipopanda gari, mfuko ulikuwa mtupu na shati limelowa.

Ukungu unashuka. Tunafika Kalwesi. Kisanduku cha zamani kinaruka mapajani mwangu, kinapiga kelele, "Mtu! Mtu! Simama!" Gari linajishikia breki lenyewe, kama zamani.

"Nguzo," kinasema kile kipya.

"Mtu!"

"Nguzo. Ya zege. Haina kibao. Haisogei."

Nami naona vyote viwili. Nguzo iko pale, na kando yake amesimama Tusekile, na mwavuli wake wenye chuma kimoja kilichovunjika, ambacho niliahidi kukitengeneza. Anatazama gari. Nikafungua mlango.

"Mikono ibaki kwenye usukani," kikasema kile kipya.

"Nakwenda kumsalimia mke wangu."

"Nenda. Mikono ibaki."

Sheria ni sheria. Nikashuka, mikono ikabaki imeshika usukani, ya kushoto ikiwa na pete ya ndoa. Nikatembea kwenye majani na mikono ya shati inaning'inia mitupu, mpaka nikafika mbele yake.

"Mikono yako iko wapi?" akaniuliza.

"Nimeiacha garini."

"Ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Ungekuja hata na mmoja," akasema.

Nilitaka kumpokea kapu, sikuweza. Nilitaka kumfuta maji usoni, sikuweza. Nikasimama tu kama mgeni aliyekuja mikono mitupu, na kweli ndivyo nilivyokuwa. Ndipo nikaona miguu yake. Malapa yalikuwa yamejaa matope mpaka hayana rangi, na pindo la khanga limelowa.

"Mbona umechafuka hivi, Mama Atu?"

"Nitaachaje kuchafuka?" akasema. "Gari likisimama hapa, mimi naitwa. Niko zangu nimekaa, nimevua viatu, nimepumzika, naambiwa: Tusekile, gari lako limesimama. Natafuta malapa, natafuta mwavuli, nakuja mbio. Nikifika, gari linaondoka. Siku nyingine mara mbili. Ile siku ya chumvi mara tatu."

"Sikuwa nakuona."

"Najua. Ulikuwa unaitazama nguzo."

Hakusema kwa ubaya. Tusekile hakuwa mtu wa kusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya kugombana naye.

"Na tangu Atuganile aweke hiki kipya?"

"Nimepumzika," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kulala sana, "Nimepumzika vizuri."

Roho iliniuma. Mtu anataka kuambiwa kwamba anakumbukwa alikokwenda mwenzake, hataki kuambiwa kwamba amekuwa usumbufu. "Kwa hiyo hutaki nisimame," nikamwambia. "Nikupite tu kama wanavyokupita wengine."

"Nani kasema?" Akafunga mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha. "Kilio huanza mfiwa, Baba Atu. Wewe umelitanguliza gari likulilie, wewe mwenyewe umekaa nyuma."

"Watu walisema nimejikaza."

"Ulikuwa na wageni wa kuwapa chakula. Wageni wameshaondoka."

Akanipita, akafungua mlango wa kushoto, akapanda. Nikamfuata mbio. Nilipokaa kwenye kiti mikono ikanirudia, baridi kidogo, na pete yake.

Alifanya yote kama alivyokuwa akifanya. Akavuta kiti mbele mpaka magoti yakagusa dashibodi. Akageuza hita ielekee miguuni, akalalamika kwamba haifanyi kazi. Kioo cha upande wake kikaanza kufunga mvuke kwa pumzi zake. Nikanyoosha mkono nichukue kitambaa.

"Acha," akasema. "Mimi si dereva. Tundu linanitosha." Akachukua pindo la khanga, akafuta duara dogo la ukubwa wa sahani ya kikombe, chini kabisa, usawa wa macho ya mtu mfupi. Akachungulia. Miaka yote aliiona barabara ya Tukuyu kupitia tundu lile, na akizungumza na mimi alikuwa hageuki, anazungumza na tundu.

Tukaondoka. Barabara ikaingia ndani ya hospitali bila kubadilisha lami. Tunapita kwenye korido, vitanda viko kushoto na kulia, harufu ya dawa, na ukungu umeingia mpaka wodini. "Kitanda," kinasema kile kipya. "Kitanda. Kitanda." Mimi sioni kitu mbele ya boneti. Ghafla gari linashika breki, polepole, bila kelele, mapema sana, hata najiuliza kwa nini. Linasimama.

"Mtu," kikasema, na safari hii hakikusema haraka.

Ukungu ukaachana, Atuganile akapita mbele yetu na sare yake, amebeba chupa ya maji ya mgonjwa, amechoka, hakututazama. Akavuka korido akaingia mlango wa pili. Nikakitazama kisanduku cha zamani mapajani mwangu. Tulishafika mwisho wa korido ndipo kikashtuka.

"Aa," kikasema. Kisha kikasema, "Yule." Na kikaanza kutetemeka.

Tusekile aliweka mkono wake juu ya kile kisanduku, kama anavyowekewa mkono mzee aliyejikojolea mbele ya watu, mpaka kikatulia.

Tulipotoka hospitalini hapakuwa na barabara ya kujulikana. Hapakuwa na njiapanda, nguzo, nyumba wala mgomba. Mistari ilikuwa imeshanyanyuka na kwenda zake.

"Nishushe hapa," Tusekile akasema.

"Hapa wapi? Hapa hapana kitu."

"Ndiyo maana nataka hapa."

Nikasubiri gari lisimame. Lilikuwa linakwenda tu.

"Simama," nikakiambia kile kipya.

"Hakuna sababu ya kusimama," kikajibu. "Mbele ni peupe."

Nikakigeukia cha zamani. "Piga kelele basi. Mwone mtu, uone nguzo, uone chochote."

"Siogopi kitu hapa," kikasema kwa huzuni.

Tusekile akageuka, akaliacha tundu lake, akanitazama mimi. "Ukitaka kusimama kwa ajili yangu, simama wewe," akasema. "Usilitume sanduku."

Nikaweka mguu kwenye breki. Sijawahi kukanyaga kitu kizito namna ile. Nilikanyaga kwa mguu mmoja, nikaongeza wa pili, nikauma meno. Nilijua kabisa nikilisimamisha atashuka, na nikiliacha liende atabaki ndani ya gari na malapa yake ya matope, anazungushwa tu mpaka mimi nife. Nikakanyaga. Gari likasimama.

Nikabaki nimeshika usukani, maana sheria naijua.

"Gari limesimamishwa na dereva," kikasema kile kipya. "Mikono inaweza kutoka."

"Ungeniambia kule nguzoni!"

"Kule lilisimamishwa na huyo mzee wa mapajani mwako. Hapa umesimamisha wewe."

Nikatoa mikono. Nikamshika Tusekile mkono, ule aliozoea kushikia kapu, wenye sugu kidoleni. Ulikuwa wa baridi na matope kidogo. Nilikuwa na maneno mengi, nikasema moja tu, kwamba ule mwavuli sikuutengeneza. Akacheka.

"Ndaga," akasema. Asante, kwa lugha yetu. Akaachia mkono yeye kwanza, kama siku zote, akashuka, na kabla hajafunga mlango akavua malapa, akayagonganisha yakaangusha matope, akayashika mkononi. Akaenda pekupeku. Hakuwa na haraka.

"Baba Atu," kisanduku cha zamani kikasema. "Na mimi nishushe."

Ndipo niliposikia mtu anapiga hodi.

Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mvua ilikuwa juu ya bati, na Ambakisye alikuwa mlangoni na begi lake la spana, kofia imelowa. Nikachungulia chini ya kitanda. Kisanduku kilikuwa ndani ya boksi lake la karatasi, kikavu, kimetulia, hakijaenda popote. Sakafu ya sebuleni haikuwa na chai. Nikajiambia ndoto ni ndoto, na mtu mzima hapangiwi mambo na mkate wa bati.

"Fanya kama tulivyokubaliana," nikamwambia Ambakisye, nikampa lile boksi. "Fanya upesi, binti bado anavaa."

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake jikoni, pale Atuganile anapouning'iniza kila jioni. Ambakisye akauchukua, tukatoka uani. Akafungua mlango wa kushoto, akainama ili aingie chini ya dashibodi, halafu akasimama.

"Mzee," akasema, "usiku nani alilala ndani ya gari?"

"Hakuna."

"Kuna mtu alikuwa anapumua humu."

Nikasogea. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kikavu, safi, ungeweza kusoma kitabu kupitia kwacho. Kioo cha upande wa kushoto kilikuwa kimefunga mvuke kwa ndani, mzito, unaotiririka. Na chini kabisa kwenye ule mvuke, usawa wa macho ya mtu mfupi, palikuwa na duara lililofutwa, la ukubwa wa sahani ya kikombe.

Atuganile alitoka jikoni na sare yake ya kazi na kitambaa cha kufutia vioo. Akamwona Ambakisye, akaliona boksi mikononi mwake. Alielewa papo hapo, na akanitazama kama mtoto anavyomtazama mzazi aliyemwangusha. Kisha akaona kioo. Alikulia kwenye kiti cha nyuma cha magari yetu yote, akitazama kisogo cha mama yake na tundu lile mbele yake. Mkono wenye kitambaa ukashuka.

"Usikifute," nikamwambia.

"Sikifuti, Baba."

"Ambakisye, hilo boksi ondoka nalo. Usilirudishe, usilifungue kutafuta spea. Litafutie mahali pakavu."

Ambakisye akaitikia. Nikataka kumwambia Atuganile aendeshe salama, kwamba kile kipya kinaona vizuri, kwamba akifika Kalwesi apite tu. Maneno hayakutoka. Kilichotoka kilikuwa kimekaa ndani tangu siku ile ya chupa ya uji, na kilitoka kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, mpaka kuku wakakimbia uani.

Nilianza mimi, kama inavyotakiwa. Atuganile akapokea. Ambakisye, ambaye si ndugu yetu, akaweka begi lake la spana chini kwenye matope na kuvua kofia.